Sahihi ya Chumba Namba Nane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa chumba namba tatu alipanga ndoo mbili kwenye foleni ya bomba, katikati ya ua. Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na viwili na bomba moja tu, kwa hiyo kwenye foleni habari zilifika kabla ya maji: nani kapata kazi, nani kanuniana na mumewe, paa la nani linavuja. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wakubwa kwa wadogo walimwita Karani, kwa sababu mwandiko wake uliwashinda wote pale uani, naye alilijua hilo vizuri sana.

Jumatatu moja foleni ilikuwa kimya. Msimamizi, mtu wa mwenye nyumba, alikuwa amebandika karatasi mlangoni. Wapangaji wote wahame ifikapo mwisho wa mwezi, ilisema, ili vyumba vikarabatiwe na kupangishwa kwa watu wengine kwa kodi ya juu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Mama yake Karani, mpishi wa hospitali, aliisoma mara tatu, kana kwamba mara ya tatu ingesema jambo jingine. Mikataba yao ilitaka wapewe taarifa ya miezi mitatu.

"Tutakwenda wapi, Mama?" Karani aliuliza. Mama yake alisogeza ndoo mbele kwenye foleni.

Mama Pasi hakunyamaza. Huyu aliishi chumba namba moja, alipiga pasi nguo za watu, na ulimi wake ulikuwa moto kuliko hiyo pasi. Aliitisha kikao palepale bombani, akasema kulia hakujengi ukuta. Ofisi ya nyumba ya mji hupokea malalamiko ya wapangaji, alieleza, lakini kwa sharti: iwe barua moja, isainiwe na vyumba visivyopungua vinane, ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kazi ya kuiandika na kuipitisha mlango kwa mlango akapewa Karani. Tusifichane, kichwa kilimvimba kidogo.

Kufikia Alhamisi alikuwa na sahihi saba. Vyumba viwili vilikuwa vitupu, na viwili vilikaliwa na ndugu za msimamizi, huko hakupiga hata hodi. Kilibaki chumba namba nane, cha fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa mtu mpole, aliyeshona viatu barazani huku misumari midogo ameibana midomoni. Jumanne Karani alimpelekea karatasi na kalamu, akaambiwa, "Miwani nimeiacha ndani, mwanangu, njoo kesho." Jumatano mikono yake ilikuwa na gundi. Alhamisi alisema, "Sawa, sawa, mimi niko pamoja nanyi," kisha akainamia kiatu. Karani aliondoka haelewi kitu. Kama yuko pamoja nao, mbona hasaini? Na hiyo miwani, mbona hajawahi kumwona nayo?

Ijumaa alfajiri baraza lilikuwa tupu, kwani fundi alikuwa amekwenda kununua soli. Mama Pasi, ambaye alikuwa ameshavaa viatu vya kuipeleka barua ofisini, aliuliza kama sahihi zimetimia. Karani akarudi nyuma ya mlango wao. Si alisema yuko pamoja nasi, alijiambia, basi kuna ubaya gani? Akaweka sahihi ya nane, nzuri, yenye mkia uliojikunja. Akatoka na kusema zimetimia.

Jumatatu Mama Pasi aliitwa ofisini. Alirudi uso umemshuka. Afisa wa nyumba, mwanamke mmoja mkavu asiye na maneno mengi, alikuwa amelinganisha sahihi na zile za kwenye mikataba. Ya chumba namba nane haikufanana hata kidogo. "Sahihi moja ya uongo," alisema, "inazitia shaka saba za kweli." Akawapa hadi Jumatano mchana kuleta barua safi, la sivyo faili lingefungwa.

Jioni ile watu walimzunguka fundi viatu barazani. Akasema polepole kwamba yeye hakusaini chochote. Kwa nini hakusaini, hilo hakulisema, na macho yake hayakutoka kwenye kiatu alichokishika. Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwingine akasema huyu kanunuliwa na msimamizi, kaharibu sahihi makusudi kisha anaikana. Hata mama yake Karani, ambaye hakuzoea kusema watu, alitikisa kichwa.

Karani alisimama kando. Mambo yalimchanganya. Mtu aliyesema kweli ndiye aliyeitwa mwongo, na yeye aliyeandika uongo alikuwa anasifiwa kwa bidii. Akisema, barua itaitwa ya kughushi kwa kinywa chake mwenyewe, na huenda wote wakafukuzwa kwa ajili yake. Akinyamaza, fundi ataitwa msaliti mpaka mwisho. Aligeuza huku, akageuza kule, asione njia. Alijua tu kwamba hawezi kuendelea kumtazama yule mzee akiinamisha kichwa.

"Niliiandika mimi," akasema.

Watu wakageuka.

"Niliweka sahihi yake mimi. Alisema yuko pamoja nasi, nami nikaona siku imekwisha."

Mama yake alimshika bega kwa nguvu, na Karani akajua kwamba watazungumza baadaye, tena sana. Kisha fundi viatu akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaiweka juu ya kigoda.

"Mtoto ameweza kusema lake mbele za watu," alisema, "basi na mimi niseme langu. Sijui kuandika. Kusoma pia sijui. Hakuna miwani. Kwenye mkataba niliweka dole gumba."

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alikaa chini barazani na nguo zake safi, akamwomba radhi.

"Tulikuletea kalamu siku tatu mfululizo," alisema, "wala hakuna aliyekusomea barua. Kosa hilo si la mtoto peke yake."

Kesho yake Karani aliandika barua upya. Safari hii alikaa kwenye kigoda akamsomea fundi neno kwa neno. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema waongeze kwamba paa la chumba chake linavuja. Likaongezwa. Kisha akafungua kopo la rangi nyeusi ya viatu, akachovya dole gumba, akalikandamiza karatasini.

Jumatano wote wanane waliosaini walikwenda ofisini, na Karani pamoja nao kwa ruhusa ya mwalimu wake. Alimweleza afisa alichokifanya. Afisa akalinganisha lile dole jeusi na la kwenye mkataba. "Hili ni lake," akasema, na kugonga muhuri. Wiki iliyofuata msimamizi alikuja kubandua karatasi yake mlangoni. Ofisi iliamua kwamba mkataba ni mkataba: hakuna atakayehamishwa mwezi ule, na mwenye nyumba lazima akae na wapangaji wake kabla ya kugusa kodi.

Siku hiyo, kwenye foleni ya bomba, Karani alimuuliza Mama Pasi jambo lililokuwa bado linamsumbua. Fundi alikuwa pamoja nao kweli, tangu mwanzo. Sasa sahihi ile ilikuwa na uongo gani?

"Wewe ulijua anachotaka," Mama Pasi alimjibu, "lakini kusema anachotaka ni haki yake, hata kama anakawia. Mwenye nyumba naye alituamulia bila kutuuliza. Tukifanyiana hivyohivyo sisi kwa sisi, tutamlaumu kwa lipi?"

Mwezi uliofuata, baada ya mwenye nyumba kukaa nao, mikataba mipya ililetwa. Karani alipeleka wa chumba namba nane barazani, kalamu akaiacha nyumbani. Fundi hakutaja miwani. Alisogeza kigoda, akafungua kopo la rangi na kuliweka kando.

"Nisomee kwanza," alisema. "Na usiruke hata nukta."