Kalenda ya Dereva wa Vioo

Dereva huyu hubeba vioo vya madirisha. Ndiyo maana kazini wanamwita Mwendopole. Kwenye matuta hupunguza mwendo mpaka wenye baiskeli wanampita. Miaka kumi na moja hajavunja kioo hata kimoja, na jambo hilo hulitaja hata asipoulizwa.

Nyumbani ana mke, ambaye ni fundi cherehani, na binti mmoja wa miaka kumi. Binti ana kifafa. Daktari aliwaambia, "Kila akishikwa, andikeni siku, saa na dakika ngapi. Mje baada ya miezi mitatu. Nitapanga dawa kwa kufuata maandishi hayo."

Kazi ya kuandika ikawa ya baba. Kila binti aliposhikwa, mama alipiga simu, baba akaegesha gari pembeni, akaandika kwenye kalenda ya simu yake: *Kifafa. Saa moja asubuhi. Dakika mbili.*

Binti alikuwa na ombi moja tu. "Baba, isitoke humu ndani. Sitaki kuangaliwaangaliwa."

"Haitoki," baba alisema. "Niamini."

Jumatatu moja alifika kazini akakuta mambo yamebadilika. Mlinzi wa getini alimshika mkono kumpandisha ngazi. Ngazi zenyewe ni tatu. Wapakiaji waliokuwa wakicheka walinyamaza alipopita. Karani wa safari, mama mmoja ambaye kwa kawaida humtania kuhusu mwendo wake, alimvutia kiti.

"Kaa, kaka. Umelala vizuri?"

"Nimelala vizuri, dada. Kulikoni?"

"Hakuna kitu. Kunywa maji kidogo."

Akanywa maji ambayo hakuyataka. Kabla hajamaliza, bosi akamwita ofisini.

"Funguo za gari niachie kwa sasa," bosi alisema. "Utasaidia stoo."

"Nimekosa nini, bosi?"

"Hujakosa. Ni kwa usalama wako, na wa watu barabarani. Ila ungetuambia mapema, ndugu yangu. Ugonjwa si aibu."

Mwendopole alitoka pale kichwa kinamzunguka. Ugonjwa gani? Alijigusa paji la uso, halikuwa na joto. Stoo ilikuwa imejaa vioo, na katika kila kioo alijiona yeye yule yule, mzima wa afya. Alianza kuvifuta vumbi. Mpakiaji mmoja alikuja akamnyang'anya kitambaa kwa upole, akamwambia apumzike. Hapo ndipo alipoanza kuogopa kidogo, maana watu wote hawawezi kukosea kwa pamoja.

Mchana karani alimfuata. "Kaka, nisamehe. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Kifafa, mara saba kwa miezi mitatu."

"Umeona wapi?"

"Kwenye kalenda ya safari. Si ndimo ninamopangia zamu zenu? Ijumaa mpangilio ulibadilishwa. Sasa kalenda ya kila dereva naiona yote kwenye kompyuta yangu. Bosi pia anaiona."

"Lakini mimi niliandika kwenye simu yangu. Simu nimenunua mwenyewe."

"Mimi sijui, kaka. Nimeiona kwangu."

Sasa alielewa nusu ya jambo, na nusu hiyo ilikuwa mbaya. Wanadhani ni yeye anayeshikwa. Alifungua mdomo aseme kwamba si yeye. Akakumbuka swali litakalofuata: basi ni nani? Akaufunga. Akikaa kimya, hapewi funguo tena. Akisema, anamtoa binti yake nje baada ya kumwahidi.

"Ni kweli au si kweli?" karani aliuliza.

"Sijui," alijibu, na yule mama akazidi kumhurumia.

Hasira zake zote zikaishia kwenye simu. Alijificha nyuma ya stoo, akatafuta mahali palipoandikwa *barua pepe ya kazini*, akabonyeza *ondoa*. Simu ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza *ndiyo*. Kisha akafungua kalenda.

Ilikuwa tupu. Miezi mitatu yote haikuwemo, na kliniki ilikuwa Alhamisi. Alikaa juu ya sanduku la mbao. Mambo aliyotaka kuyaficha yanaonekana na ofisi nzima, na yeye mwenyewe hayaoni. Haikumwingia akilini hata kidogo.

Akaenda kwa fundi wa kompyuta. Fundi huyu ni msichana mwenye subira, na wanamwita Nywila, yaani neno la siri, kwa sababu hachoki kuwahimiza watu wabadili maneno yao ya siri.

"Mwanangu, simu yangu imerogwa," Mwendopole alisema.

Nywila alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. "Baba, maandishi hayajapotea. Yapo hapa ofisini. Tena yalikuwa hapa tangu siku uliyoyaandika."

"Yamefikaje?"

"Ofisi ina kompyuta kubwa inayotunza barua pepe zetu zote. Inaitwa seva. Ulipounganisha simu yako na barua pepe ya kazini, simu ilikuuliza: nilete barua? Nilete na kalenda? Na majina ya watu? Wewe ulijibuje?"

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilitaka yaishe niondoke na mzigo."

"Basi kuanzia hapo, kalenda uliyoiona kwenye simu ilikuwa ya ofisi. Simu ni yako, lakini ulichoandika kilihifadhiwa kwenye kabati la ofisi. Ofisi ikifungua kabati lake, inakikuta. Na leo ulipoondoa barua pepe ya kazini, mlango wa kabati umefungwa kwa upande wako."

Mwendopole alikuna kichwa. "Kwa hiyo simu moja ina makabati mawili?"

"Hapo umenena. La kazini na la nyumbani. Kila unapoandika kitu, angalia kwanza unakiandika kwenye kabati lipi. Lipo jina juu ya ukurasa. Na ofisi nyingine, simu ikipotea, zina uwezo wa kuifuta yote kwa mbali, hata picha za watoto. Soma kabla ya kubonyeza ndiyo. Usipoelewa, njoo uniulize."

Wakafanya pamoja, polepole. Kwanza Nywila alimfungulia kalenda ya nyumbani kwenye simu, yenye neno la siri analolijua mwenyewe. Pili, wakanakili yale maandishi saba, wakahakiki siku na saa. Ndipo wakayafuta kwenye kalenda ya ofisi. Mwisho wakairudisha barua pepe ya kazini, safari hii barua peke yake. Kwenye kalenda na majina alibonyeza *hapana*.

"Sikufichi," Nywila alisema. "Nakala za akiba hubaki kwenye seva kwa muda. Nitamwomba bosi zisifunguliwe. Lakini waliokwisha kuona wameona. Hilo kompyuta haiwezi kulirudisha."

Alifika nyumbani jioni mapema. Mkewe aliacha cherehani alipoiona sura yake. Binti alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi. Baba akaketi sakafuni karibu naye, akamweleza yote.

"Uliniahidi," binti alisema.

"Nilikuahidi. Nilibonyeza ndiyo bila kusoma. Kosa ni langu, mama. Naona uchungu sana."

Binti alipanga kifungo kimoja. "Wanajua ni mimi?"

"Hapana. Wanadhani ni mimi."

"Kwa hiyo leo kutwa wamekuangaliaangalia wewe?"

"Kutwa nzima. Mlinzi alinipandisha ngazi kama bibi harusi. Nimenyweshwa maji, nimenyang'anywa hata kitambaa cha vumbi."

Binti alianza kucheka, kisha akaacha. "Ulijisikiaje?"

"Vibaya. Nilianza kujiogopa mwenyewe."

"Ndivyo ilivyo, baba," binti alisema. Akapanga vifungo vingine viwili. "Mwambie bosi. Bosi peke yake."

Kesho yake alimwambia bosi. Bosi aliinamisha kichwa, akatoa funguo mezani. Akasoma tena cheti cha afya cha dereva, kile cha mwezi uliopita ambacho alipaswa kukisoma kabla ya yote. Kisha akawaita wafanyakazi. "Kalenda ilichanganya mambo ya kazi na ya nyumbani. Dereva wetu ni mzima. Msimuulize zaidi." Aliagiza pia mpangilio wa kalenda ubadilishwe, karani aone saa za zamu tu. Mchana ule madereva wanne walipanga foleni kwa Nywila, simu mkononi.

Alhamisi daktari alisoma maandishi yote saba. "Yote ni asubuhi," alisema. Akabadilisha saa ya dawa.

Mwezi ukapita. Jumapili moja binti aliomba simu, akaandika neno la siri, lile jipya ambalo baba alimwachia alichague. Akafungua kalenda ya nyumbani, ukurasa wa mwezi huo. Kwa mara ya pili mwaka ule ilikuwa tupu.

Baba alishtuka, akainyoosha shingo. "Imefutika tena?"

"Hapana, baba," binti alisema. "Hakukuwa na cha kuandika."