Moto Uliozidi Ukali

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Baba Pacha alishuka chini kuwasha boila. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, alikuwa ameshachambua mashuka ya wateja. Boila lilichemsha maji kwa dizeli. Mashuka yakishafuliwa, Mama Dobi aliyaanika juu ya paa, karibu na bomba la moshi.

Baba Pacha alijivunia moto wake. Aliuongeza nguvu mpaka ukang'aa na kunguruma. Aliwaambia majirani kuwa hautoi moshi hata chembe, na kweli hakuna aliyeuona.

Lakini mambo yalianza kwenda mrama. Mashuka meupe yaligeuka manjano yakiwa kambani. Hoteli moja iliyarudisha mara mbili. Mama mkwe wake Mama Dobi, aliyelala chumba cha juu kando ya bomba, alikohoa mchana kutwa, macho yakimwasha. Bibi huyo aliilaumu sabuni. Mama Dobi alibadilisha sabuni tatu, asiambulie kitu.

Akampeleka mama mkwe zahanati. Walipewa dawa, wakaulizwa kama nyumbani kuna kitu kinachochomwa. Swali hilo lilimkaa Mama Dobi kichwani. Kesho yake akamwita fundi wa boila.

Fundi alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka. Aliingiza kipimo chake ndani ya bomba, akaacha kucheka.

"Shemeji, moto wako umezidi ukali," alimwambia Baba Pacha.

"Umezidi vipi, na hauna moshi?"

"Kinachotoka hapa hakionekani kama moshi. Hewa tunayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni. Yenyewe ni pole, haina ugomvi na mtu. Lakini moto ukiwa mkali mno, inashikana na oksijeni. Hapo inazaliwa gesi inayochoma koo na macho. Hata nguo nyeupe inaweza kuzigeuza rangi."

Baba Pacha alikuna kisogo. Aliuliza kama angeweza kupunguza mwenyewe hewa inayoingia kwenye moto, kwa bisibisi tu. Fundi alimkataza kabisa. Hewa ikipunguzwa ovyo, alieleza, moto hutoa masizi na gesi nyingine inayoua kimyakimya.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Alibadilisha kichomeo, akapima upya dizeli na hewa. Kisha akaunga bomba dogo la kurudisha kwenye moto sehemu ya hewa iliyokwisha kuungua.

"Unarudisha uchafu ndani?" Mama Dobi alishangaa.

"Narudisha cha kuupoza moto. Hewa hiyo haina cha kuungua tena. Inapunguza ukali, na gesi mbaya inapungua."

Mwisho alirefusha bomba la nje, akahamisha kamba za nguo upande wa pili wa paa. Alipopima tena, gesi ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Maji yalichemka vilevile. Akawaambia wamwite kila baada ya miezi sita, hata kama wanaona mambo shwari.

Wiki tatu baadaye hoteli ilituma mzigo mkubwa kuliko wote. Mashuka yalijaa paa zima, meupe pe. Mama Dobi alipanda kuyaanua, akamkuta mama mkwe ametangulia, kapu mkononi, akipumua bila shida.

"Mama, rudi ukapumzike," alimsihi.

"Nimepumzika vya kutosha," mama mkwe alijibu. "Shika ncha ile, tukunje."