Ufa Uliopakwa Chokaa

Siku ya soko Kasulu, ndani ya duka la vifaa la Khatibu, mikono miwili ilishika futi moja ya kupimia, ya mita hamsini. Ilikuwa imebaki hiyo tu. Mkono mmoja ulikuwa wa Reverien, kiongozi wa kundi la wachimbaji wa mawe ya chokaa, kijana mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Wa pili ulikuwa wa binti mrefu mwenye mwanya, gauni la kitenge cha njano, mabuti ya mvua miguuni na kofia ngumu kwapani.

"Kaka, achia."

"Achia wewe, dada. Mimi napima shimo. Wewe unapima nini, mapazia?"

"Napima mashimo ya watu wabishi kama wewe."

Khatibu alicheka mpaka akashika kaunta. "Oaneni basi, futi ibaki nyumba moja!"

Binti huyo aliitwa Winifrida, mkaguzi wa migodi kutoka Kibondo. Ofisi yao ilikuwa na gari, ila gari lilikuwa la kumpeleka mkubwa kwenye harusi na misiba. Mkaguzi alikuja kwa basi, na futi alijinunulia mwenyewe. Ndivyo mchimbaji anavyojaliwa nchi hii. Reverien akaiachia futi, akaomba namba ya simu.

Tangu hapo simu hazikupoa. Kila jioni Reverien alipanda kichuguu nyuma ya nyumba yao Heru Juu, ndipo penye mtandao.

"Umekula, mukunzi?" Mukunzi ni mpenzi, kwa lugha ya mama yake.

"Nimekula ugali wa muhogo na migebuka. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi usile, tuone kesho kama utanyanyua sururu."

Miezi mitatu ikaenda hivyo, na Reverien alishaamua moyoni: ni huyu au hapana mwingine. Kisha Winifrida akamwambia, "Reve, Jumatano nakuja kukagua shimo lenu."

Furaha ilimpanda kichwani. Kwao, mgeni wa heshima, tena mke mtarajiwa, hukuta nyumba imesiribwa upya, na Reverien hakuwa na nyumba ila lile shimo. Jumanne akakusanya watu, wakafagia njia. Yeye mwenyewe akapanda juu ya ukuta wa shimo, palipokuwa na ufa mrefu, akausiriba kwa udongo na kuupaka chokaa. Pakang'aa kama sebule ya Krismasi.

"Unaoa mtu au unaoa mlima?" Mudathiri, mchimbaji mwenzake, alimtania.

"Kimya wewe. Shemeji yako anakuja."

Winifrida alifika kwa bodaboda. Tabasamu lake lilifia njiani. Ukuta ulisimama wima, mrefu kuliko nyumba mbili zilizobebana. Chini wachimbaji walikuwa wamechimba tumbo kuingia ndani ya ukuta ili juu paporomoke penyewe, na vifusi vimerundikwa ukingoni kabisa. Akapanda juu, akaona chokaa mbichi. Akaikwangua kidogo kwa kisu, ufa ukatokeza.

"Umenificha ufa, Reverien?"

"Nimepapamba, Wini. Kwa ajili yako."

"Watu kumi na wawili wanafanya kazi chini yake! Ulidhani nikiona weupe nitasaini?"

"Unanivua nguo mbele za watu?"

"Heri nikuvue nguo kuliko nikuvike sanda."

Akafunga utepe mwekundu kuzunguka shimo, mtu asishuke, akaondoka bila kuaga. Jioni Reverien alipiga mara saba pale kichuguuni. Winifrida hakupokea.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Mwenye leseni ya shimo, ambaye hajawahi kuchafua kiatu humo, akampigia Reverien simu: "Toeni huo utepe, lori liko njiani. Nimeshaongea na mkubwa wa huyo mkaguzi."

Na kweli, kule Kibondo mkubwa alimsukumia Winifrida karatasi: andika pako salama. Winifrida akairudisha tupu. "Andika mwenyewe, bosi, na jina lako uliweke chini." Mkubwa hakuandika. Hawa watu hawaandikagi. Wao huamrisha kwa mdomo, wa kulaumiwa awe mwingine.

Ijumaa asubuhi wachimbaji walishika sururu, wakimngoja Reverien aseme neno. Hasira ilimwambia: kata utepe, umkomeshe huyo mwanamke. Akapanda juu kwanza. Ule udongo alioupaka kwa mkono wake, pale ambapo kisu cha Winifrida hakikufika, ulikuwa umepasuka. Kidole kiliingia. Akakaa akiangalia. Ilipofika saa tatu viliingia vidole viwili. Mlima ulikuwa unatembea.

"Hashuki mtu! Wote barabarani!"

"Na mwenye leseni je?" Mudathiri aliuliza.

"Aje ashuke yeye!"

Saa nne ukuta ulikwenda wote, kwa kishindo kilichotikisa vifua. Wakahesabiana pale barabarani: kumi na wawili, na Reverien wa kumi na tatu. Mudathiri akaanza kucheka, wakacheka wote, wakakumbatiana kama watu waliotoka kanisani na bibi harusi.

Reverien hakupiga simu. Alipanda basi alivyo, mweupe wa chokaa, na saa tisa alikuwa kwenye geti la ofisi Kibondo. Winifrida alitoka mbio, gauni la bluu likipepea.

"Umeumia?" Alimshika mabega, akamgeuza huku na huku.

"Hakuna aliyeumia. Ukuta umeanguka, Wini. Sikushusha mtu."

Winifrida akafuta machozi kwa kiganja.

"Sikukuficha," Reverien alisema. "Kwetu mgeni wa heshima anasiribiwa nyumba. Nami nina shimo tu."

"Mjinga wewe! Nani anamsiribia mwanamke mlima?"

"Nifundishe basi."

"Utakata ngazi kutoka juu, kila ngazi isizidi kimo chako. Vifusi mbali na ukingo. Kuchimba tumbo, marufuku. Ukikosea, nafunga tena, hata kama umenioa."

"Umesema nimekuoa?"

"Nimesema hata kama." Mwanya ukaonekana. "Baba yuko nyumbani, mtaa wa pili, anapukuchua maharage. Unamwogopa?"

"Kuliko ukuta wote."

"Twende hivyo hivyo."

Mkubwa akachungulia dirishani. "Winifrida! Saa za kazi hizi, unakwenda wapi?"

"Kuposwa, bosi!"

Wakavuka barabara wameshikana mikono, na chokaa ya Kasulu ikahamia taratibu kwenye gauni la bluu. Winifrida hakuikung'uta.