Mipira Miwili ya Kijani

Kila siku baada ya masomo, binti mmoja alikwenda maabara kumsubiri shangazi yake aliyefanya kazi humo. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mama yake alifanya kazi mbali, na shuleni alikuwa mgeni, hajapata hata wa kukaa naye wakati wa mapumziko.

Jumatatu moja alikuta mezani mfano wa molekuli: mpira mweusi katikati, umezungukwa na mipira sita iliyochomekwa kwa vijiti, minne myeupe na miwili ya kijani.

"Ni molekuli ya unga huu; mwenzangu aliyeutengeneza aliniachia mfano kabla hajasafiri," shangazi alisema akionyesha kichupa. "Molekuli hutikisika, mwanangu. Nikijua mageuzo, kama kuizungusha, yanayoiacha vilevile, hesabu inaniambia mtikisiko upi utaonekana kwa mashine ya mwanga wa infraredi, na upi kwa ile ya leza, ya Raman. Naja sasa hivi, usiguse."

Mlango ukafungwa. Chumba kikawa kimya, saa ya ukutani tu ikigonga. Binti aliuchukua mfano, basi tu awe na kitu mkononi. Ukamponyoka. Mipira ya kijani ikachomoka, ikabingirika chini ya kabati. Aliirudisha haraka haraka, yote miwili upande mmoja, jirani kwa jirani. Shangazi aliporudi akakaa kuhesabu hadi jioni. Binti alimtazama, asiseme neno.

Kesho yake mashine zilikataa hesabu ile.

"Mistari mingi, alama za mitikisiko, ilipaswa kuonekana kwa mashine zote mbili," shangazi alilalamika. "Hakuna hata mmoja uliotokea kwa zote!"

"Labda mashine zangu zimenuniana," fundi mitambo alitania.

Shangazi hakucheka. "Unga umeharibika. Wiki tatu za mwenzangu, bure." Akafungua kichupa aumwage.

Akisema, atarudishwa kushinda peke yake nyumbani. Asiposema, je?

"Shangazi, usimwage! Mfano ulianguka. Niliurudisha mimi. Ile ya kijani ilikuwa inatazamana, mmoja huku, mwingine kule."

Shangazi alishusha kichupa polepole. Akachomeka mipira upya, akahesabu. "Kumbe! Kila mpira una mwenzake wa rangi ileile ng'ambo ya katikati. Molekuli ya namna hiyo, mtikisiko unaoonekana kwa infraredi hauonekani kwa Raman. Mashine zilisema kweli."

"Nilisema mimi, zimenuniana," fundi akajigamba, akatoka.

Shangazi alimgeukia binti. "Kuangusha ni ajali, hata mimi huangusha. Lakini jana ulinitazama nikihesabu uongo, ukanyamaza. Anayeficha kosa lake huwaachia wenzake wajenge juu yake, na mwisho kinamwagwa kitu kizima kisicho na hatia. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, shangazi. Sasa utaniacha nyumbani?"

"Ukaongee na kuta? Hebu sogea hapa. Shika hiyo mipira ya kijani, zungusha mfano robo duara. Umebadilika?"

Binti alizungusha taratibu, akatazama kwa makini, akazungusha tena kuhakikisha.

"Uko vilevile."

"Haya, andika: hilo ni geuzo mojawapo."