Jina la Marehemu

“Limeshachukuliwa,” Mtaalamu alisema, akaigeuza kompyuta upande wake kabla fundi hajakiona kioo.

Fundi aliweka chini kibano chake.

“Lote? Saa za Taratibu?”

“Lote. Kuna mtu alilisajili zamani. Itabidi tovuti yako tuipe jina jingine.”

Alikuwa anadanganya. Jina lilikuwa wazi, linangoja kubonyezwa tu.

Taratibu lilikuwa jina la utani la marehemu mume wa fundi. Alitengeneza saa kwenye meza ile ile kwa miaka ishirini, na wateja walimtania kwamba saa hafungui, anaibembeleza. Moyo wake uliposimama ghafla, mkewe, ambaye marehemu alikuwa amemfundisha kazi, alikalia kiti chake siku ya arobaini na moja. Mtaalamu alikuwa akitengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti. Alifika pale na saa mbovu, akarudi na nyingine, kisha akaanza kuleta hata saa zisizo mbovu. Fundi alizipokea, akazifuta vumbi, akamrudishia huku akijizuia kucheka. Mwaka ukapita wakipendana. Alipomwomba ndoa, fundi alimjibu ampe muda.

Sasa wateja wengi walikuwa wamehamia mbali, fundi akataka tovuti, na akataka iitwe kama duka. Mtaalamu aliliandika jina lile, akalitazama kwenye kioo. Alijiona akilifungua kila asubuhi ya maisha yake, akimsalimia mwanamume mwingine. Ndipo uongo ukamponyoka.

Alimpendekezea majina mengine: Saa Bora, Majira Mapya. Fundi aliyasikiliza yote, hakuchagua hata moja.

Siku ya tatu simu iliita.

“Mtaalamu, nimemwambia mama.” Alimaanisha mama mkwe wake, mama wa marehemu, ambaye bado aliishi naye. “Amesema kama kuna Taratibu mwingine mahali, angependa kumsalimia. Anaamini huenda ni mtu aliyefanya kazi na mwanawe. Hebu nitafutie namba yake.”

Uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini: mwenye jina amejificha, hapatikani. Akaumeza, akasema anakuja.

Alimkuta yule mama mkwe, bibi mzee, amekaa sebuleni, amevaa gauni la kutokea, kilemba amekifunga vizuri, simu imelala mapajani. Mtaalamu hakuweza hata kuketi.

“Mama, hakuna Taratibu mwingine. Jina lilikuwa wazi tangu siku ile. Nilidanganya.”

Bibi alimtazama. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani.

“Kwa nini?” fundi aliuliza.

“Nilimwonea wivu.”

“Marehemu?”

“Ndiyo.”

Fundi alikaa kwenye kiti alichokiacha bibi.

“Angekuwa hai ningekuelewa. Nenda, Mtaalamu. Leo siwezi kukutazama.”

Jioni ile ile Mtaalamu alilisajili jina, akamtumia fundi ujumbe: “Jina ni lako, nimelisajili kwa jina lako, si langu. Nywila iko kwenye barua pepe yako. Ukitaka mtu mwingine akutengenezee tovuti, ataweza. Nisamehe. Niombee msamaha kwa mama.”

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja. Siku tisa alizunguka mtaa wa pili ili asipite mbele ya duka. Siku ya kumi simu yake ikalia: “Njoo nyumbani saa tisa. Mama anakuita.”

Bibi alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba siku ile alivaa tangu asubuhi, akijiandaa kumsalimia huyo Taratibu mwingine. Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku nzima aliamini amepata mtu wa kuzungumza naye habari za mwanawe, halafu akanyang’anywa. Mtaalamu aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Bibi akamshika bega, akamwambia yamekwisha, akawaacha wawili.

“Unajua kwa nini nililing’ang’ania jina lile?” fundi aliuliza.

“Kwa sababu unampenda.”

“Nampenda, sitakuficha. Lakini si hilo tu. Ningemfuta kwa ajili yako, ungefurahi wiki moja. Halafu siku moja ungejiuliza: na mimi nikifa, atanifuta baada ya muda gani?”

Mtaalamu hakuwahi kuliwaza hilo.

“Utaweza kuishi na mimi hivi?” fundi aliuliza.

“Nitaweza. Na wivu ukinishika nitakuambia. Sitakudanganya tena.”

“Uniambie,” fundi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni.

Mtaalamu akaomba kitu kimoja: wamsimulie habari za marehemu, aandike mwenyewe ukurasa wake kwenye tovuti. Alasiri mbili alikaa sebuleni akisikiliza, bibi akizungumza mpaka sauti ikakauka. Alijua sasa kwamba Taratibu aliogopa mbwa, kwamba alipiga mluzi akifanya kazi, kwamba alimwachia mkewe saa ngumu makusudi ili ajifunze.

Alimsomea fundi ukurasa ule dukani, mchana, mlango wazi. Alipofika siku ya kifo sauti ilimgoma. Fundi akavuta kompyuta, akamalizia kusoma mwenyewe, polepole, mpaka nukta ya mwisho. Alifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vioo.

“Iweke hewani,” alisema. “Halafu waambie wazee wako waje nyumbani kwa kaka yangu Jumamosi. Anawasubiri.”