Tusekile Alifuta Picha, Kompyuta Ikabaki Nzito

Kila asubuhi Tusekile, mama yake Tumpe, hufungua duka lake dogo la steshenari pale Ilomba, Mbeya. Kazi inayomlisha ni ratiba za mazishi. Huku kwetu mtu haziki ndugu yake kimyakimya. Lazima ratiba iwe na picha, wasifu na nyimbo.

Lakini kompyuta ilikuwa inamtoa roho. Akifungua picha, maandishi na intaneti kwa pamoja, inaganda. Wafiwa wamesimama mlangoni, jeneza limeshafika kanisani, na yeye anabofya tu. Aibu ilioje!

"Imejaa hii," akaamua, akaanza kufuta. Picha za marehemu wa watu hakuzigusa. Ndugu zao hurudi kuziomba kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu, na kufuta marehemu wa mtu ni kumkosea heshima. Akafuta za kwake. Mwisho akafuta hata za mama yake mzazi, aliyefariki mwaka jana. Hazikuwepo mahali pengine. Alifuta huku analia.

Kesho yake kompyuta iliganda vilevile.

Ndipo akamwita jirani yake Asukile, fundi wa kompyuta.

"Kaka, nimefuta mpaka picha za mama. Mbona bado nzito?"

"Pole, Mama Tumpe. Hebu fungua kazi zako zote, kama siku ya wateja wengi."

Tusekile akafungua. Asukile akamwonyesha kipimo kwenye kioo.

"Una ram ya gigabaiti nne, na karibu yote imeshikwa. Diski ni kabati la kutunzia vitu. Ram ni meza ya kufanyia kazi. Ukitoa vitu kabatini, meza inapanuka?"

"Haipanuki." Tusekile akamgeukia. "Na kabati lilikuwa limejaa?"

"Hapana. Nafasi ipo tele. Picha zile zingekaa tu."

Tusekile akaketi chini sakafuni. "Basi mama nimemzika mara ya pili, kaka. Safari hii kwa mkono wangu."

Asukile alijaribu kuzirudisha, asiambulie hata moja. Maji yakishamwagika hayazoleki.

"Niwekee ram kubwa kuliko zote!" Tusekile alisema kwa uchungu.

"Ya nini? Pima kwanza kazi yako. Kwa kuandika na intaneti, nane kwa kawaida inatosha. Wewe unatengeneza picha nyingi, weka kumi na sita. Zaidi ya hapo itakaa bure. Ila tuangalie kwanza kama mashine yako inaipokea."

Iliipokea. Sasa Tusekile hufungua kazi zote pamoja, na wafiwa hawasubiri. Picha zote anazinakili pia kwenye flashi, na kabla ya kufuta chochote anauliza.

Mwezi uliofuata ikafika ibada ya kumbukumbu ya mama yake. Ratiba aliitengeneza mwenyewe, na kompyuta haikuganda hata kidogo. Mahali pa picha aliandika jina tu.