Nyama Yangu Kwenye Sufuria ya Fundi

"Hii nyama umeitoa wapi?"

Fundi cherehani alibaki na tonge mkononi. Mlango wake ulikuwa umefunguliwa kwa teke, na mbele yake alisimama jirani yake mwenye bucha, yule ambaye mtaa mzima humwita Mnofu, aproni yenye damu bado kiunoni.

"Karibu chakula, jirani," fundi alisema.

"Sikuja kula! Mtaa huu anayekata nyama pembe tatu ni mimi peke yangu, alinifundisha marehemu baba. Hicho kipande kimetoka buchani kwangu. Nani kakuletea?"

Fundi akalirudisha tonge. "Shemeji."

"Shemeji gani?"

"Mkeo."

Weee! Mnofu aliona giza. Kumbe yule mteja aliyemwambia asubuhi kwamba mkewe anaonekana akiingia kwa fundi na bakuli lililofunikwa hakuwa anatania. Akamshika fundi ukosi, akamtoa mpaka uani. Kelele zikamleta mkewe mbio kutoka nyumba ya pili, mikono ina unga. Majirani nao, unawajua, wakajaa kabla hata hawajaitwa.

"Mwachie!" mkewe alipaza sauti.

"Nimwachie? Mimi nahenya na shoka kutwa nzima, kumbe namnenepesha bwana'ko! Malaya mkubwa wewe!"

Mkewe akamsogelea.

"Rudia," mkewe alisema polepole.

"Malaya! Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa na wewe sikia. Fundi ana bustani nyuma ya nyumba. Mimi nampa nyama unayoleta, yeye ananipa biringanya, uyoga na mchicha. Tunabadilishana mlangoni, hata ndani sijawahi kukaa."

"Muongo! Nyama mbona naila kila siku nyumbani?"

"Huli."

"Jana nilikula rosti!"

"Jana ulikula uyoga. Juzi biringanya. Ulilamba mpaka sahani, ukaniambia hilo ni paja la ng'ombe mchanga."

Kuna mama mmoja alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Na angeachaje kucheka? Huyu ndiye Mnofu anayejigamba buchani kwamba ukimfunga kitambaa machoni, akionja tu, anakutajia paja au bega. Wateja wakilalamika nyama yake ngumu, huwajibu, "Yangu nyumbani inayeyuka mdomoni. Tatizo wake zenu."

Aibu ikageuka hasira.

"Umenilisha majani? Mimi? Toka kwangu! Leo hii!"

Mkewe alinawa unga, akachukua begi, akaenda kwa dada yake.

Mnofu akabaki na nyumba yake na nyama yake. Akachoma, akachemsha, akakaanga. Haikushuka. Akaenda hotelini, akaagiza rosti, akaisukuma pembeni. Alikuwa anautaka ule mchuzi mzito wa nyanya na tangawizi, na vile vipande laini vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Na alimtaka aliyevipika pia, lakini hilo hakutaka kulikubali. Mwisho akashika simu, akamwandikia mkewe.

"Ule uyoga unapikwaje?"

Jibu likaja papo hapo: "Malaya hana muda wa kupika."

"Nimejaribu mwenyewe. Umeungua."

"Pole kwa sufuria."

Akapiga. Akapokea dada mtu.

"Shemeji, mdogo wangu anakula vizuri na analala vizuri. Usitusumbue."

"Naomba niongee na mke wangu."

"Mke wako yupi? Si ulimfukuza?" Simu ikakatwa.

Kesho yake akafunga bucha mapema, akaoga, akabisha hodi kwa shemeji yake. Mkewe ndiye aliyefungua. Hakumpisha.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja tuyamalize."

"Umekuja kula."

Mnofu akatazama chini. "Vyote viwili."

"Unajua kwa nini niliacha nyama? Kila siku nafua aproni yako. Harufu ya damu imenikaa puani, nikiweka nyama mdomoni nataka kutapika. Nilikwambia. Ulisemaje?"

"Nilisema... mke wa mwenye bucha hawezi kuishi kama mbuzi."

"Nikapika mboga waziwazi, ukaimwaga jalalani mbele ya wageni. Nikapika kwa kificho, ukanishika mkono mezani ukaniambia hakuna mwanamke kama mimi. Tangu unioe ulikuwa hujawahi kuniambia hivyo!" Sasa machozi yalimtoka, na hasira ndiyo kwanza ikapanda. "Nilikuwa najua unasifia nyama yako. Nikaendelea kudanganya, angalau niyasikie hayo maneno. Nilikosea, ndiyo. Lakini malaya?"

"Nisamehe, mke wangu."

"Hapa mlangoni? Ulinitukanaje, kimyakimya? Kaseme kule uani."

Jioni ile mkewe akaja na begi lake, akaliweka mlangoni kwa Mnofu, na uani pakajaa tena. Mnofu alisimama katikati, jasho linamtoka. Akaanza na fundi.

"Jirani, nilikukosea heshima. Nisamehe."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unanitumia nyama," fundi alisema, bado kanuna. "Nilikuwa nakuombea dua, mwenzangu ukaja kunivunjia mlango."

"Nitautengeneza." Akawageukia wengine. "Mke wangu si malaya. Mimi ndiye mwenye mdomo mchafu."

Mkewe akatoka jikoni na sahani. Safari hii hakukaanga mboga mpaka isijulikane. Biringanya lilikuwa na ganda lake la zambarau, mchicha kijani kabisa, uyoga mzima mzima.

"Kula. Mbele yao."

Akala. Alianza kwa kujilazimisha, kisha akasahau kama anatazamwa.

"Unakula nini?" mkewe akamuuliza.

"Biringanya."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Biringanya! Na uyoga! Na mchicha!" Mnofu alipaza sauti, mdomo umejaa, mchuzi kidevuni, macho yamelowa. "Ni tamu, jamani! Hakuna mwanamke kama huyu!"

Watu wakapiga vigelegele. Mkewe akainama akaliokota begi lake, akaanza kuingia nalo ndani.

"Leo," alisema, "ndiyo umenisifia mimi."